Barua kwa mpwa wangu anayekwenda Chalbi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sote wazima, na mama yako ananisalimia kila akipiga simu, kwa hiyo habari zako ninazo. Juzi alinitumia picha ya ramani mliyochora wewe na wenzako kwa ajili ya wikendi ndefu ya Mashujaa. Mtoke Nairobi Ijumaa jioni, mlale Marsabit. Jumamosi mkatize jangwa la Chalbi hadi North Horr. Jumapili Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Jumatatu mpande South Horr, Baragoi na Maralal, muwe nyumbani usiku huohuo. Akataka kujua kama inawezekana.

Kwa gari zima na madereva wa kupokezana, inawezekana. Hata hivyo nakuomba msiende hivyo, na nakuomba hadharani kwa kuwa nawaona vijana wengi wakichora mduara huohuo kila sikukuu ikiangukia Jumatatu. Nendeni Kalacha, kijiji chenye chemchemi pembeni mwa Chalbi, mkae huko, kisha mrudi kwa njia mliyoendea. Basi.

Najua utasema Kalacha ni kituo tu njiani. Nimeendesha bauza la maji katika nchi ile, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Kutoka Isiolo hadi Marsabit sasa ni lami tupu. Wazee wa lori watakusimulia jinsi kipande hicho kilivyokuwa kikila siku nzima, na zaidi ya siku mvua ikinyesha. Leo unapita Archers Post, unapita Laisamis, na kabla hujachoka unaona mlima una ukungu na msitu. Msitu ule ndiko alikoishi Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu ambaye Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970. Laleni Marsabit. Jazeni tangi na mitungi ya mafuta hapo, kwa maana mbele mafuta huuzwa kwa mitungi na bei ni ya mwenye nayo. Kunywa chai ya maziwa, vaa sweta. Asubuhi mtaiacha lami, mteremke kwenye mawe meusi ya volkano, na ile baridi mtaisahau kabla ya kufika kijiji cha Maikona.

Baada ya Maikona ardhi inalala. Chalbi ilikuwa ziwa zamani sana, na bado ina umbo la ziwa: bapa, nyeupe kwa chumvi, na mchana mazigazi yanakuonyesha maji mahali ambapo hapana hata tone. Juu pana ganda gumu ambalo gari linapita vizuri sana, na hapo ndipo vijana hukanyaga mafuta. Chini ya ganda kuna tope. Kiangazi kikiwa kimekolea, ganda linabeba hata lori. Likilowa, halibebi kitu.

Sasa tazama kalenda. Mashujaa ni tarehe 20 Oktoba, na Oktoba ndipo mvua za vuli huanza kunusa upande ule. Maji ya Chalbi si lazima yanyeshe juu ya Chalbi. Bonde lile linapokea maji kutoka vilima vya Huri na miteremko ya Marsabit, hivyo unaweza kuwa chini ya anga safi na njia ya mbele yako ikawa imekwisha lowa tangu jana usiku. Gari likizama pale, hakuna mti wa kufungia kamba. Mtaanza kuchimba, jua liko juu, na maji mliyobeba ya kunywa mnayaona yakipungua. Ndiyo maana nasema muulize Maikona kabla ya kwenda mbele. Msiulize simu. Muulizeni mtu aliyepita njia ile asubuhi hiyo, na akisema zungukeni, zungukeni.

Utingo wangu alikuwa kijana wa Maikona, Mgabra, wa jamii ya wafugaji wa ngamia wa kule. Sikuwahi kumwona akitafuta njia kwa kutazama chini. Alitazama vilima: Huri kaskazini-mashariki, Kulal kusini-magharibi, Marsabit nyuma yetu. Alinifundisha kwamba alama za tairi ni ushahidi wa uongo, kwa sababu zinakaa muda mrefu sana juu ya ganda lile, na mtu aliyekuja kucheza na gari lake mwaka jana bado anawaongoza wengine kusikokuwa na kitu. Kwa hiyo mpwa wangu, ile michezo ya kuzungusha gari ili mpate video, tafadhali msiifanye. Hata kama inapendeza. Fuateni njia iliyokanyagwa na wenyeji, basi.

Nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa, mfululizo. Hiyo ndiyo miaka ambayo barabara hii niliijua kweli. Tulikuta mitungi ya manjano imepangwa foleni kando ya njia, na wenyewe wamekaa kwenye kivuli chembamba cha mgunga, wakingoja. Mizoga ya ng'ombe ilitangulia, kisha mbuzi na kondoo. Ngamia walipoanza kuanguka, mzee mmoja aliyekuwa akinipokea kila mara aliacha kuzungumza nami habari za hali ya hewa. Tulisalimiana tu, tukafungua mpira wa maji, wanawake wakachota bila kelele wala kusukumana. Katika miaka ile yote hakuna aliyeniacha niondoke bila chai. Sukari ilikuwa ya kutafuta, lakini chai ilikuja.

Watu hao ndio mtakaopita mbele ya milango yao. Kaunti ya Marsabit ni kubwa zaidi ya Rwanda mara mbili, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 humo. Mtu wa Nairobi akiangalia hesabu hiyo anasema pako tupu. Lakini kila kisima mtakachokiona kina wenyewe, kina utaratibu wa nani anywe kwanza, mifugo ipi leo na ipi kesho, na utaratibu huo ndio uliowafanya waishi mahali ambapo sisi tungekwisha kwa wiki. Msioshe gari kisimani. Msijaze mitungi kabla ya kuomba. Chupa za plastiki rudini nazo, kwa sababu mbuzi hula plastiki, nayo humziba tumbo akafa.

Zile nyumba za mviringo mtakazoziona, za fito zilizopinda na mikeka, huitwa mandasse. Ni mali ya mwanamke. Yeye ndiye anayeijenga, yeye ndiye anayeifungua watu wakihama, na nyumba nzima inapanda mgongoni mwa ngamia. Ukitaka kupiga picha, mwombe mwenye nyumba, naye akikataa usipige kwa mbali kwa kujificha. Salamu yao ni amani: wanaulizana "Nagaa?" na kujibu "Nagaa." Jifunzeni hiyo kabla ya kufika.

Pengine utaniuliza kwa nini nina uchungu hivi. Ukiwa kule utasikia mzee anayesafiri kwenda Nairobi akisema anakwenda Kenya. Hasemi hivyo kwa kukosa kujua. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa wakoloni uwezo wa kuzifunga wilaya za pembezoni, na mtu alihitaji kibali ili aingie au atoke. Uhuru ulipokuja, Waraka wa serikali Nambari 10 wa 1965 ukaamua fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye ardhi nzuri yenye mvua na barabara. Kule hakukuwa na hivyo vitu, kwa hiyo wakangoja, na wengine bado wanangoja. Sasa lami imefika, na wa kwanza kuifaidi tusiwe sisi tunaopita kwa mwendo wa kasi tukiacha vumbi.

Ziwa Turkana liacheni kwa likizo ndefu. Mawe ya njia ya Loiyangalani hula tairi, na barabara ya Baragoi ina historia ya mashambulizi, haipitwi bila kuuliza polisi kwanza.

Kwa Kalacha bebeni spea mbili, pampu ya upepo, mbao mbili za kuwekea jeki ili isizame, koleo, na maji yasiyopungua lita kumi kwa kila mtu kwa kila siku, mbali na ya redieta. Punguzeni upepo wa tairi mkiingia mchanga, mrudishe mkifika kwenye mawe. Msiendeshe usiku baada ya kuacha lami, maana ngamia mweusi haonekani mpaka amekufikia. Mchana wa saa sita hadi saa tisa kaeni kwenye mikoma karibu na chemchemi, mtazame mifugo ikiletwa. Mtaona ngamia mia kwa mpigo wakisubiri zamu. Sijaona kitu kinachonipendeza zaidi ya hicho katika nchi hii yote.

Bebeni pia sukari kilo tano na majani ya chai, muyaache Maikona kwa nyumba nitakayokuelekeza. Ongea na wenzako, mkikubaliana nijulishe siku mnayotoka, ili nimpigie mwenyeji wangu mapema awatafutie kijana wa kuwaongoza. Malipo yake mpatane naye kabla hamjaondoka, na mumlipe yote.

Ni mimi mjomba wako.