Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mtaa wa India, Bagamoyo

Wazee wetu, ndugu wanachama, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nianze na waliotutangulia. Mwaka huu tumezika wanachama wawili, na wote wawili walikuwa kwenye orodha ya wazee tuliopanga kurekodi kumbukumbu zao. Mmoja tulimwahi. Alituelezea jinsi baba yake alivyokuwa akipakua majahazi, na sauti yake tunayo. Mwingine tuliahirisha mara tatu: mara simu haina chaji, mara mwenye kurekodi amesafiri, mara mvua. Mara ya nne tulikwenda na sanda. Lawama ya hilo ni yangu, kwa sababu ratiba ilikuwa mikononi mwangu. Kuanzia sasa orodha inakaa kwa katibu, na mzee akisema "njooni kesho" tunakwenda kesho. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Sasa tuje kwenye nyumba za zamani za mtaa wetu, ambazo chama hiki kipo kwa ajili ya kuzihifadhi.

Zamani mtu akiniuliza nini kinaziua nyumba za Mtaa wa India, nilikuwa najibu haraka: chumvi ya bahari, masika, na ukata. Baada ya mwaka huu jibu langu limebadilika. Kinachoziua ni kufuli. Nyumba yenye mtu ndani, hata awe maskini wa kutupwa, ina mtu wa kuona tone la kwanza likidondoka kutoka darini na kupanda juu kuziba. Nyumba yenye kufuli inavuja masika matatu bila mtu kujua. Boriti zinaoza kwenye ncha zake, pale zinapoingia ukutani, na siku sakafu ya juu inaposhuka watu wanasema "imeanguka ghafla". Haikuanguka ghafla. Ilianza kuanguka siku ile mlango ulipofungwa.

Na kufuli hilo nalo lina historia yake, ambayo ndiyo historia ya mji huu. Bagamoyo ilinenepa kwa misafara. Pembe za ndovu zilishuka kutoka Tabora na Ujiji mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na watumwa nao walipitishwa hapa. Wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili walijenga mtaa huu wakiwa na duka chini na familia juu. Wajerumani wakaufanya mji huu makao yao makuu, kisha mwaka 1891 serikali yao ikahamia Dar es Salaam. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ukaanzia huko huko Dar es Salaam, na ilipofika Kigoma mwaka 1914 hapakuwa tena na sababu ya mzigo wa bara kuja kwetu. Wenye mitaji wakaufuata mzigo. Waliobaki hawakuwa na fedha za kubomoa nyumba za zamani na kujenga mpya, kwa hiyo nyumba zikabaki. Tuseme ukweli: mji huu ulihifadhiwa na umaskini miaka mingi kabla chama chetu hakijazaliwa.

Lakini wenye nyumba walikufa, wakaacha watoto, na watoto wakaacha wajukuu. Mirathi haikugawanywa. Leo nyumba moja ina warithi Dar es Salaam, Unguja, Mwanza na Uarabuni, na wengine hawajawahi kuonana. Hakuna anayeweza kuuza, hakuna anayethubutu kutengeneza kwa fedha yake akaja kuambiwa anajimilikisha, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kufungua mlango. Ndipo kufuli linapokaa.

Mwaka huu tumelifungua moja. Moja tu, na limetuchukua miezi saba. Mnaijua nyumba yenyewe, ile ambayo fundi cherehani amehamia barazani. Mzee wetu mmoja wa kamati, ambaye ameniomba nisimtaje, alikuwa na namba ya simu ya binti mmoja wa ukoo ule, basi. Kutoka kwa binti huyo tukampata shangazi, kutoka kwa shangazi tukapata kundi zima la WhatsApp la watu waliokuwa hawajasemezana tangu msiba wa babu yao. Sisi hatukuingia kwenye mambo yao ya mirathi. Hayo yana wenyewe, na kadhi yupo na mahakama ipo. Tuliomba jambo moja dogo: wakubaliane kwa maandishi kwamba sehemu ya chini ikodishwe kwa miaka michache, na kodi yote iende kwenye paa, bila mrithi yeyote kupoteza haki yake. Shangazi ndiye aliyewashinda. Aliwaambia, "Mnagombania nyumba ambayo mkimaliza kugombana haitakuwepo."

Boriti zake zilikuwa nane za kubadilisha. Waliokuwepo siku ya kuzipandisha wamejionea kwa nini vyumba vyetu vyote ni virefu na vyembamba: fundi wa zamani alikuwa na miti ya mikoko, na boriti ya mkoko haivuki upana unaozidi mita tatu hivi. Mkoko ndio uliompimia mtu chumba. Siku hizi huwezi tu kwenda kukata, lazima upate kibali cha misitu, na ni sawa iwe hivyo, ingawa tulisubiri mpaka fundi akatishia kurudi kwao.

Sasa niungame. Mwaka juzi kamati hii hii, mimi nikiwa mwenyekiti, ilipiga plasta ya saruji kwenye ukuta wa mbele wa ofisi yetu. Tulifurahi, tukapiga picha. Masika iliyofuata ukuta ukaanza kutoka jasho ndani, na kabla ya mwaka kwisha plasta ilikuwa inadondoka vipande vikubwa, kila kipande kimeng'oa uso wa jiwe. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa, ndivyo unavyopumua. Ukiuvika saruji umeuziba pua. Maji yanabaki ndani pamoja na chumvi, chumvi ikikauka inatanuka, na saruji, kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inaondoka na ngozi ya ukuta. Wazee wawili walituonya wakati ule tukawaona wanachelewesha kazi. Mwaka huu tumebandua yote kwa patasi, tumeuacha ukuta ukauke, kisha tukaupiga chokaa. Gharama imekuwa zaidi ya mara mbili. Mweka hazina atawasomea, naomba msimzomee yeye.

Kutokana na kosa hilo ndipo tukachimba shimo la chokaa. Matumbawe yamechomwa kwenye tanuru la magogo ya mnazi, yakamwagiwa maji, na chokaa yake imelala shimoni tangu mwezi wa saba. Kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika. Vijana wanne wanajifunza kwa fundi mkuu, na mmoja wao ni msichana ambaye sasa anapiga lipu vizuri kuliko waliomcheka.

Kuhusu milango. Usiku mmoja mwezi wa Ramadhani nilipigiwa simu kwamba kuna mlango wa nakshi unapakiwa kwenye kenta. Tulikwenda watu sita, mmoja akiwa bado na kikombe cha uji mkononi. Tulitarajia mwizi. Tulimkuta mwenye nyumba mwenyewe, amekaa kizingitini, hatutazami. Ana mtoto anayetakiwa kulipiwa ada, na mnunuzi alikuwa amekuja na fedha taslimu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautambua mlango kama ule. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa Tanganyika kabla ya mwaka 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki ni kitu kinacholindwa, haupakiwi kwenye gari usiku. Wengi wetu tunadhani sheria hiyo inalinda nyumba zote za zamani vilevile. Sivyo. Jengo linalindwa kwa umri wake peke yake ikiwa lilijengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo linahitaji kutangazwa. Nyumba nyingi za mtaa huu zilijengwa biashara ya misafara ilipopamba moto, baada ya mwaka huo, kwa hiyo usitegemee umri wa ukuta wako. Kabla ya kugusa chochote, uliza ofisi ya Mambo ya Kale.

Nilianza kumsomea mwenye nyumba haya yote pale pale, mke wangu akanivuta kanzu. Alikuwa na haki. Mnunuzi aliposikia neno "sheria" aliondoka mwenyewe, mlango ukarudi kwenye bawaba zake, lakini ada haikulipwa na sheria. Wanachama kumi na mmoja walichanga usiku ule. Hatuwezi kufanya hivyo kwa kila mlango, na sina jibu la kuwapa leo. Nimeomba kamati ilete pendekezo la mfuko mdogo wa dharura, mlijadili chini ya mengineyo.

Kuna barua iliyoletwa na wanachama kadhaa wakitaka tuiombe halmashauri iwaondoe mamantilie na wauza vitenge kwenye baraza za mtaa, ili wageni wauone mtaa "ulivyokuwa". Nimeisoma mara mbili na siiungi mkono. Ulivyokuwa lini? Baraza zile zilijengwa ili watu wakae na biashara ifanyike. Miaka mia moja na thelathini iliyopita usingepita hapa bila kukanyagana na wapagazi, wauza vyakula na makarani wanaopima pembe. Mtaa mtupu, msafi, wenye kuta nyeupe na mlinzi, huo ndio ambao haujawahi kuwepo. Ninachokubali katika barua hiyo ni moshi: jiko la kuni likiegemezwa kwenye ukuta wa chokaa linaumiza ukuta, na mlango wa nakshi si mahali pa kupigilia misumari ya kutundikia nguo. Tumekaa na kina mama, wamekubali majiko yasogee barabarani hatua mbili. Wao nao wakatuuliza kwa nini mtaro haujazibuliwa. Tukanyamaza, maana walikuwa na hoja.

Kwa vijana wanaotembeza wageni nina neno moja, na nalisema kwa upendo. Punguzeni chumvi. Jina Bagamoyo lina maelezo zaidi ya moja. Wapo wanaosema ni mtumwa aliyebwaga moyo wake hapa kabla ya kuvushwa, na wapo, wakiwemo wanahistoria wengi, wanaoelemea kwa mpagazi aliyetua mzigo, akabwaga moyo na kupumzika baada ya miezi ya njia. Mgeni aambiwe yote mawili. Mateso ya watumwa yalikuwa ya kweli na hayahitaji pingu za kutengenezwa juzi. Na yule Emin Pasha, gavana Mjerumani aliyeletwa pwani na Stanley, aliyeanguka kutoka ghorofani Desemba 1889 baada ya karamu, nimeshaonyeshwa madirisha mawili tofauti aliyotokea, kwenye nyumba mbili tofauti. Habari za kweli tunazo tele: mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulifika misheni ya Wakatoliki hapa kwetu tarehe 24 Februari 1874 ukiwa umebebwa kutoka mbali bara na watumishi wake kina Susi na Chuma na wenzao. Waelezeeni wageni habari za hao waliobeba. Aliyebebwa wanamjua tayari.

Wengine mmeuliza kuhusu kuingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Sisi tumo kwenye orodha ya awali ya Tanzania tangu 2006, kama sehemu ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, na orodha ya awali ni kama kuchumbiwa, siyo kuolewa. Mimi sikimbilii. Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani kule Unguja, ilikuwa ndani ya mji wenye hadhi hiyo, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake uliporomoka, watu wawili wakapoteza maisha. Hadhi haishiki boriti.

Mengine kwa ufupi. Ada za uanachama zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, isipokuwa za wajumbe watatu wa kamati, nao wanajijua. Vikao vilikaa kama katiba inavyotaka. Ofisi moja tuliyoiandikia barua nne kuhusu mtaro haijajibu; tunaandika ya tano.

Mwaka ujao naomba tusiwe na malengo mengi. Warithi wa nyumba mbili wameanza kuzungumza, na mazungumzo hayo ndiyo kazi yetu kubwa, hata kama hayaonekani kwenye picha. Mwenye kumjua mtu wa ukoo wowote wenye nyumba iliyofungwa mtaani, awe Masqat au Mbagala, amwachie katibu namba leo kabla hajatoka.

Kipindi changu kinaisha leo na sigombei tena. Miguu haipandi ngazi za ghorofa. Nitabaki shimoni na chokaa. Fundi mkuu amesema shimo litafunguliwa Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, kila mtu aje na ndoo yake, na msivae nguo mnazozipenda.

Mweka hazina, karibu usome hesabu.