Waulize na yale mafuvu mengine

Mwanangu,

Kamwene. Hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imezidi. Bibi yako hatoki jikoni mpaka jua liwake sawasawa.

Simu ilikatika ukiwa unaniuliza uwaeleze nini wanafunzi wako kuhusu Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, zaidi ya yale ya kitabuni. Basi Jumamosi nikapita Boma, lile jengo la Wajerumani pale Iringa mjini ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Nilicheka peke yangu kuona vikapu vya nyasi za milulu vimepangwa kwa heshima, wakati cha kwetu kimejaa viazi. Baadaye nikapanda gari kwenda Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa.

Najua utaanza na Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe walipolivizia jeshi la Wajerumani la Emil von Zelewski wakalimaliza, na yeye mwenyewe akafa. Watoto hulipenda hilo. Wape, lakini usikae hapo kipindi kizima. Mwaka 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa akaishi porini karibu miaka minne, kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, hadi 19 Julai 1898 alipojipiga risasi kule Mlambalasi asikamatwe. Wakamkata kichwa.

Sasa hapo ndipo tulia nao. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga vita kuu ya dunia, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Hebu fikiria wakubwa wale wanagawana dunia, na katikati ya makaratasi yao yumo mtu wa Kalenga! Halikurudi. Ilikuwa mpaka Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu kama 2,000, na 84 kati yake yametoka huku kwetu, lililokuwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Akayatenga yale yenye vipimo vinavyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa, kisha akachagua lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 akalikabidhi kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Ndilo lililomo kwenye kioo pale Kalenga.

Bibi yako hajawahi kuingia kuliona, wala hataki. Anasema marehemu hawekwi sebuleni. Mimi nipo katikati: lingezikwa, watoto wa leo wangesema ni hadithi tu za wazee. Halafu, tuseme kweli, kupima kichwa kwa rula si ushahidi wa kunitosha mimi. Hata hivyo nikisimama mbele yake nanyamaza kama wengine.

Kinachonikosesha usingizi ni yale 83 yaliyobaki. Nayo yalikuwa na mama zao. Hayakuwa na mkataba wala gavana wa kuyafuata. Waulize wanafunzi wako hilo, uone watakavyojibu. Mimi sikupata wa kumuuliza ila dereva, naye alikuwa anawahi abiria.

Ukija Desemba tutakwenda wote. Ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini, barabara ya kwenda Ruaha. Njoo na viatu vya kufunga, mvua zitakuwa zimeanza, na bibi anakumbushia dagaa wake wa Kigoma.

Mama yako