Nashuka steji kabla ya yetu ili nisifike nyumbani

Shangazi, pokea salamu kutoka Umoja hapa Nairobi. Nina miaka 37, nimeolewa na tuna watoto wawili. Mimi ni karani wa uhasibu katika kampuni moja Industrial Area.

Ofisini tulikuwa watatu. Wenzangu walipoondoka hakuna aliyeajiriwa, kazi yote ikaniangukia. Kila tarehe 9 makato ya wafanyakazi lazima yawe yamefika KRA, mamlaka ya mapato, tarehe 20 ni zamu ya VAT, na katikati bosi hutuma WhatsApp hata saa tano usiku: "Ile ripoti imefika wapi?" Nilibadilisha mlio wa simu nikidhani nitapumua. Wapi! Sasa hata simu ya jirani ikilia hivyo moyo unaruka.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori hadi kibarua kilipoota nyasi mwaka jana. Simlaumu, anatafuta. Lakini kodi, karo na tokeni za stima vyote vinatazama mshahara wangu, ambao nao hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu kabla sijauona. Nikisema tubane matumizi, anasikia namsimanga. Nikinyamaza, nina kiburi cha pesa. Juzi binti yetu wa gredi ya nne alikumbuka saa tatu usiku kwamba kesho wanatakiwa na katoni na gundi (mtaala huu nao!). Nilimfokea hadi mdogo wake akajificha nyuma ya pazia. Baba yao alinitazama tu, akavaa viatu, akatoka kwenda kutafuta gundi.

Siku hizi jioni nikitoka Jogoo Road nashuka Mutindwa, nazunguka sokoni kama mtu anayechagua nyanya. Sinunui kitu. Sitaki tu kufika.

Usingizi umenipaa na naamka taya zikiuma. Nesi wa zahanati alinipima presha akapata 148 kwa 96. Alisema kipimo kimoja hakitoshi, nirudi. Akanieleza kuwa mtu akiwa na wasiwasi mwili humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kumsaidia akabiliane na hatari au aikimbie, si za kushinda na kukesha nazo. Nipumzike, akasema. Nipumzikie wapi, shangazi?

Najua Sheria ya Ajira ya 2007 inanipa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na yangu sijaigusa. Nikimgusia bosi ananiambia tumalize mwezi kwanza, na mwezi ukiisha kuna mwingine. Nikikaza naogopa kumwaga unga, na nyumba nzima inakula kwa mshahara huo mmoja. Halafu hata nikiipata, nitashinda nyumbani na mume ambaye hatusemezani.

Rafiki yangu ananisihi nimwone mshauri nasaha. Mume wangu akisikia atadhani naenda kumsema kwa watu, na ningependa twende pamoja. Nimwanzie vipi bila mazungumzo kugeuka hesabu ya nani analeta nini? Na likizo, niiombe kwa maandishi sasa au nivumilie hadi yeye apate kazi?

Mama Wawili,
Umoja, Nairobi