Joto la chokaa bila ya tanuu

Unguja

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia salama. Umeniuliza vijana wako wa kidato cha sita wataipata vipi enthalpia, yaani joto linaloingia au kutoka, ya jiwe la chokaa linapochomwa, na skuli yenu haina tanuu la kufika digrii 900. Hawalihitaji. Wapitishe njia aliyoionesha mkemia Hess mwaka 1840: ukianza pale pale na ukaishia pale pale, jumla ya enthalpia ni ile ile, upite njia yoyote.

Njia yetu ni asidi ya haidrokloriki. Kalsiamu kaboneti, ndiyo hilo jiwe la chokaa, ikitiwa humo inatoa kloridi ya kalsiamu, maji na kaboni dayoksaidi. Kalsiamu oksaidi, yaani chokaa iliyokwisha kuchomwa, nayo inaishia kwenye kloridi na maji hayo hayo. Toa enthalpia ya pili kwenye ya kwanza, na kinachobaki ni kaboneti kugawika oksaidi na kaboni dayoksaidi, yaani kazi ya tanuu.

Kila mara pima asidi sentimita za ujazo 50, yenye moli 2 kwa lita, uitie kwenye kikombe cha povu kilichosimamishwa ndani ya bika. Kaboneti iwe gramu 2.50, oksaidi gramu 1.40; kila moja ni moli 0.025, na asidi inabaki ya kutosha. Vyote visagwe unga laini. Chaki ya ubaoni usiitumie, nyingi ni jasi, si kaboneti. Soma kipimajoto kila nusu dakika, tia unga dakika ya tatu, koroga, uendelee kusoma mpaka ya kumi. Kisha chora grafu, uurudishe mstari wa kupoa nyuma hadi dakika ya tatu. Usichukue nambari ya juu uliyoiona tu, maana kikombe kinapoteza joto tangu unga haujesha. Na miwani wavae. Oksaidi jichoni ni balaa.

Joto kwa jouli ni 50 × 4.18 × digrii zilizopanda. Gawa kwa 0.025, kisha kwa 1,000 upate kilojouli, weka alama ya kutoa. Kaboneti itapandisha digrii 1.8 hivi, sawa na kilojouli −15 kwa moli. Oksaidi karibu 23, yaani −193. Halafu −15 toa −193 ni +178. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: wanasahau kuwa kutoa hasi ni kujumlisha, wanaandika −208, na jiwe linakuwa linatoa joto badala ya kulinywa.

Lakini kosa kubwa limo kwenye chupa. Oksaidi iliyokaa wazi inavuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani unaijua. Ikishageuka yote kuwa haidroksaidi, zile gramu 1.40 zitapandisha digrii 11.6 tu, na jibu litashuka mpaka +82 ingawa hesabu haina dosari. Kabla ya somo chukua kijiko kidogo, kidondoshee maji. Nzima inachemka, inatoa mvuke na kupasuka vumbi. Ikinyamaza, imekufa.

Moto huo nao wahesabie, ni mzuri kuuona kwa nambari. Oksaidi ikikutana na maji inatoa kilojouli 65 kwa moli. Kilo moja ni moli 17.8, kwa hiyo kilojouli karibu 1,160: zinatosha kuchemsha karibu lita nne za maji kutoka digrii 28, lau zisingepotea. Ndiyo maana wenye tanuu hawamwagii chokaa yao maji wakiwa wameiinamia.

Iliyokufa kwa unyevu ichome tena kwenye kijungu juu ya moto mkali wa gesi, nusu saa. Ikipita digrii 500 na kitu maji yanatoka. Ikiwa inatoa povu kwenye asidi, hiyo imeshavuta kaboni dayoksaidi, na moto wa maabara hautoirudisha kwa urahisi. Itupe, ufungue chupa mpya siku ile ile ya jaribio.

Wasalaam,
Sahibu yako