Kumtembelea mzee wetu Jumamosi
Ndugu wanakikundi, Jumamosi saa nne asubuhi tutakutana kwenye lango la Taasisi ya Saratani Ocean Road, kumjulia hali mzee wetu aliyefanya kazi ya kupima vinasaba (DNA) maabara kwa miaka mingi, akichunguza pengine jino moja tu la marehemu asiyetambulika, kwa kuwa sehemu yake ngumu ya nje hukinga vinasaba vilivyomo ndani, ili familia iliyofiwa ijue inamzika nani. Kazi ambayo, kwa maoni yangu, hatukuwahi kuishukuru ipasavyo. Keki tuiache. Mkewe, anayemuuguza na kulala kitini kando ya kitanda, ameomba uji wa ulezi kwenye chupa ya chai na khanga safi. Tutaingia wawili wawili. Michango impate mhazini kabla ya Ijumaa jioni.