Shukrani kwa mvuvi nisiyemjua jina

Kwa heshima kubwa namshukuru mzee aliyesogeza mashua yake kwa upondo hadi ubavuni mwa mashua yetu, kwenye maji mafupi ya Ghuba ya Florida, nilipokuwa nimeanza kumwinua taponi wangu wa kwanza, samaki mkubwa wa baharini, ili nipigwe naye picha. Alinieleza kwa upole kwamba sheria ya Florida, pasipo kibali maalumu, inataka taponi anayezidi inchi 40 abaki majini, kisha akamtoa ndoana na kumshika taya, akimwelekeza kwenye mkondo ili maji yapite kwenye matamvua yake, mpaka alipopata nguvu. Mimi ningemuua bila kukusudia. Mzee alikataa malipo, akaushika tena upondo wake; nami bado nauona ule mkia wa rangi ya fedha ukizama taratibu.