Barua ya wazi kwa Waziri wa Nyumba, Kaunti ya Nakuru: Amana ni pesa ya mpangaji

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu pesa ambayo kila mpangaji wa jiji hili huitoa akiingia, na wengi wetu hatuioni tena tukitoka: amana ya nyumba. Kaptembwo hadi Kiamunyi utaratibu ni ule ule. Unalipa kodi ya mwezi wa kwanza, unalipa amana ya kiasi hicho hicho, pengine na ya maji na stima juu yake, ndipo unapewa ufunguo. Kazi huanza siku ya kuhama.

Mimi nimehama Section 58 mwaka huu. Notisi ya mwezi mmoja nilitoa kwa maandishi, bili ya maji nikamaliza, nyumba nikapiga deki hadi nyuma ya choo. Katika amana yangu ya shilingi 12,000, wakala alikata 7,000 za rangi, 1,500 za usafi na 500 za kitasa. Nikapewa 3,000. Baadaye nilienda kumsalimia jirani, na mpangaji mpya wa nyumba ile akanikaribisha ndani. Moshi ulioachwa ukutani jikoni na mtu aliyekaa humo kabla yangu ulikuwa bado pale. Mahali kabati langu liliposimama palibaki na umbo lake, peupe kuliko ukuta wote. Brashi haikuwa imepita. Na huyo mgeni ameshalipa amana yake, kwa hiyo ukuta huo utamgharimu naye.

Kinachouma zaidi ni kwamba amana ya nyumba unakoenda hutegemea ile ya unakotoka. Ikicheleweshwa, unakopa. Ndiyo maana wengi siku hizi hawalipi mwezi wa mwisho, wanasema nyumba ijilipe kwa amana. Mwenye ploti naye anapiga kufuli mlangoni. Simlaumu kila mwenye nyumba. Wapo wapangaji wanaohama usiku na madeni, na sinki wameivunja. Amana ina haki yake. Lakini haki hiyo haimruhusu mtu kujikatia atakavyo.

Utaniambia sheria ipo. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe nyumba yenye choo ndani ya bei hiyo hapa Nakuru. Sisi wengine tumebakiwa na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016: inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hukumu inatakiwa kutolewa ndani ya siku 60 tangu kufungua kesi, na huhitaji wakili. Ni mahakama nzuri kwa mtu wa kawaida. Ila hukumu hufuata ushahidi, na ushahidi wetu ni ujumbe wa M-Pesa, unaoonyesha kwamba nililipa lakini hausemi ukuta ulikuwaje nilipoingia.

Hapo ndipo ofisi yako inapoweza kutusaidia. Makazi yamo katika kazi za kaunti kwenye Jedwali la Nne la Katiba, na wakala wa nyumba hulipia leseni ya biashara kwenu. Tupe fomu moja ya kaunti, kwa Kiswahili, inayojazwa na pande zote mbili siku ya kuingia na siku ya kutoka: kuta, dari, vitasa, sinki, swichi, mita. Kila mmoja abaki na nakala na picha. Kila kinachokatwa kiwe na risiti ya fundi, na siku ya mwisho ya kurudisha salio iandikwe humo humo. Fomu hiyo itamlinda hata mwenye nyumba aliyevunjiwa sinki.

Uingereza, tangu mwaka 2007, amana huwekwa chini ya mpango maalumu wa kuilinda, na mwenye nyumba asipoisajili anaweza kuamriwa alipe hadi mara tatu yake. Siombi makubwa hayo leo. Naomba fomu, na wakala asiyeitumia aulizwe sababu anapokuja kufanya upya leseni yake.

Wako mwaminifu,
Mpangaji, Nakuru